Baiskeli Iliyotoka Siku za Mvua

Watu wa Chaani walimtumia Ghalib kujua hali ya hewa. Akipita asubuhi juu ya baiskeli yake, wanawake waliloweka nguo bila wasiwasi. Akipita kwa miguu, mwavuli umening'inia mkononi, kamba za nguo zilibaki tupu siku nzima hata kama jua lilikuwa linawaka. Alikosea mara chache sana.

Mwenyewe hakulifanya hilo kwa ajili ya watu. Kila alfajiri, akitoka kuswali, alisimama kwenye ngazi ya mlango wake akautazama upande wa maji ya Port Reitz, kimya, vile vile alivyowatazama wafanyakazi waliotoka getini kazini kwake jioni na mifuko mizito. Wingu likiwa juu na jembamba, alipanda. Likiwa zito na limeshuka, au kusi ikivuma kwa kukatakata, baiskeli ilibaki ndani na yeye akatembea karibu saa nzima mpaka kazini. Manyunyu tu yalitosha kumzuia. Mwaka wa sabini na tisa aliteleza kwenye reli mvua ikinyesha, akavunjika mtulinga, na tangu siku hiyo hakuiamini tena barabara yenye maji.

Ukweli ni kwamba hakuwa akiamini vitu vingi. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha Changamwe, na kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kujua nati ngapi zimetoka na ngapi zimerudi. Kazi ile ilimfuata mpaka nyumbani. Akichota sukari aliangalia imefika wapi mkebeni. Akiamkiwa na mtu asiyemzoea, aliitikia vizuri, kisha akapita akijiuliza mtu yule ataka nini.

Mkewe, Mishi, alikuwa amemzoea hivyo. Alikuwa mwanamke mtulivu, mzaliwa wa Jomvu Kuu, wa maneno machache na mikono isiyokaa bure. Walikuwa na mabinti wawili, Dhahabu na mdogo wake, waliokwenda shule asubuhi na kurudi alasiri. Chumba cha uani walimpangisha Kioko, kijana wa Kikamba aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la Magongo. Kioko alirudi asubuhi wakati Ghalib anatoka, akalala mpaka adhuhuri.

Mwaka wa tisini na moja, masika yalikuja siku chache baada ya Idi. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na siku mbili hizo Ghalib alikwenda kazini kwa miguu. Siku ya tatu kulipambazuka kweupe, akaitoa baiskeli. Hakufika hata kwenye kona. Magoti yake yalikuwa yakipanda juu mno kila alipokanyaga. Akashuka, akapima kwa vidole. Tandiko lilikuwa limeshushwa, upana wa vidole viwili.

Tandiko halishuki lenyewe. Lile lilikuwa limekazwa kwa spana, na yeye ndiye aliyelikaza. Aliinama pale pale njiani akaanza kuikagua baiskeli. Fremu ilikuwa imefutwa vizuri, ikang'aa kuliko alivyoiacha. Lakini chini ya madigadi ya nyuma, mahali ambapo kitambaa hakifiki, palikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Udongo wa mtaani kwake ulikuwa wa mchanga mweusi.

Mtu mwingine angegeuza, akarudi nyumbani kuuliza. Ghalib hakuuliza. Alilipandisha tandiko, akalikaza, akaenda kazini, na siku hiyo alihesabu boksi moja la bolti mara tatu asipate jibu moja.

Nani alikuwa nyumbani wakati yeye hayuko? Mishi na Kioko. Wanawake wa Chaani hawakupanda baiskeli, basi alikuwa Kioko, na kweli Kioko alikuwa mfupi. Hapo fikira ingeweza kuishia, ila baiskeli ilikaa ukumbini na mlango wa uani ulifungwa kwa komeo la ndani. Kioko asingeweza kuichukua bila mtu wa ndani kumfungulia. Na aliyeifuta ile fremu kwa uangalifu namna ile alikuwa na sababu ya kuifuta. Ghalib alilala na mawazo hayo, akaamka nayo.

Akachukua stoo kipande cha chaki walichotumia kuwekea alama vyuma. Nyumbani, mkewe na mabinti wakiwa jikoni, alichora mstari mwembamba pale nguzo ya tandiko inapoingia kwenye fremu. Kisha akafunga uzi mweusi kutoka kwenye pedali mpaka kwenye stendi, uzi ambao asiyeujua asingeuona. Halafu akaanza kungoja mvua. Alikuwa ameichukia mvua miaka kumi na miwili, na sasa kila alfajiri alitoka akiitafuta. Siku nne jua liliwaka. Alipanda baiskeli siku zote hizo akiwa na hasira na anga.

Jumatatu wingu lilishuka. Alichukua mwavuli akaaga. Aliporudi jioni, kabla hata ya kuvua viatu, alipitisha mkono gizani pale ukumbini. Uzi ulikuwa umekatika. Akawasha taa: mstari wa chaki haukuwapo. Nyuma ya mlango wa jikoni lilitundikwa koti lake la mvua la zamani, lile alilopewa kazini zamani akaliacha kwa kuwa zito. Alitia mkono wake ndani ya mkono wa koti. Palikuwa na unyevu.

Mishi aliandaa chakula. Ghalib alimtazama mikono alipokuwa akipakua wali. Kwenye kucha zake mbili palikuwa na weusi ambao haukutoka kwa kuoshwa.

"Umekuwa ukifanya nini leo?" akauliza.

"Kazi zangu," Mishi akasema. "Kwani vipi?"

"Nimeuliza tu."

Mishi alimtazama kidogo, kana kwamba anangoja swali lingine. Halikuja. Akarudi kwenye sufuria.

Kesho yake asubuhi, Ghalib akitoka, aliviona viatu vya Kioko mlangoni mwa chumba chake. Vilikuwa na udongo mwekundu. Magongo nako kuna udongo mwekundu, jambo alilolijua vizuri, lakini asubuhi hiyo hakutaka kulikumbuka. Aligonga mlango. Kioko alitoka na usingizi machoni, na Ghalib akamwambia kwamba chumba kinatakiwa, kuna ndugu yake anakuja kutoka Likoni, afadhali ahame kabla ya mwisho wa wiki.

"Nimekosea wapi, mzee?" Kioko akauliza.

"Hukukosea. Kuna ndugu anakuja."

Kioko alimtazama Mishi, aliyekuwa amesimama na ufagio kwenye mlango wa jikoni. Mtazamo ule Ghalib aliuweka moyoni pamoja na chaki, uzi na koti. Siku ile ile kijana alipakia godoro lake na jiko la mafuta ya taa kwenye mkokoteni akaondoka bila kusema neno baya. Mishi aliuliza mara moja tu ni ndugu gani anayekuja. Ghalib alisema atamjua akifika.

Ndugu hakuja. Mvua ikaja. Na mvua ilipokuja, mstari wa chaki ukafutika tena.

Sasa Ghalib hakujua la kufikiri. Kioko hayuko, na baiskeli inatoka. Au Kioko yuko mahali fulani, na baiskeli ndiyo inayomfuata. Alijaribu jambo jingine. Siku moja ya jua kali aliiacha baiskeli nyumbani akidai inavuja upepo, akatembea kazini akitoka jasho. Aliporudi, uzi ulikuwa mzima. Akangoja mawingu, na siku yalipokuja akaitoa baiskeli. Wanawake waliokuwa wakianika nguo walimtazama akipita, wakatazama juu, wakatazamana.

Mishi alikuwa amemfuata mpaka mlangoni asubuhi hiyo.

"Leo waipanda?" alisema. "Mvua yaja."

"Naiona."

"Utaanguka, Baba Dhahabu."

Mke humwonea mumewe huruma, na wakati mwingine Ghalib angelichukua neno hilo hivyo. Lakini alikuwa ameuona uso wa Mishi ulivyoshuka yeye alipoushika usukani. Ulikuwa uso wa mtu aliyeharibiwa shughuli. Alifika kazini amelowa mpaka kwenye ngozi, breki hazishiki, cheni imejaa mchanga, na hakika moja kichwani: baiskeli ile ilitoka siku za mvua, na siku za mvua peke yake.

Kwa nini mvua? Alilifikiri swali hilo akiwa kaunta, akiwa msikitini, akiwa amelala chali huku Mishi anapumua kando yake. Mvua hufunga madirisha. Mvua huondoa watu barazani. Mwizi hupenda mvua kwa sababu mbwa hulala na majirani hawasikii. Kila sababu aliyoipata ilimrudisha pale pale, kwa mtu asiyetaka kuonekana.

Siku aliyoingoja ilikuwa Alhamisi ya mwanzo wa Juni. Alfajiri wingu lilikuwa limelala juu ya maji ya Port Reitz, jeusi, halisogei. Alichukua mwavuli, akaaga kama kawaida, akatembea mpaka kwenye kona, akajibanza chini ya upenu wa duka lililokuwa bado halijafunguliwa. Hakuwa amekosa kazini tangu alipougua malaria mwaka wa themanini na saba. Mabinti walipita kwenda shule wakiwa wamejifunika plastiki moja, hawakumwona. Kisha mvua ilianza kweli, ikapiga mabati mpaka asisikie kitu kingine.

Baada ya nusu saa, mlango wa uani ulifunguka. Alitoka mtu aliyevaa koti lake la mvua, kofia ya koti imefunika uso, na suruali yake kuukuu ya kazi imekunjwa miguuni. Alikuwa akiisukuma baiskeli. Alikanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, akapiga chini mara mbili kwa wa kulia, akaurusha ule mguu juu ya tandiko na kukaa, akaenda. Ghalib aliona mwanamume akitoka nyumbani kwake.

Kwanza alikimbilia nyumbani. Ndani hapakuwa na mtu. Buibui la Mishi lilikuwa kwenye msumari wake, leso zake zimekunjwa juu ya kitanda. Hawezi kutoka bila buibui, Ghalib akajiambia. Basi yuko wapi? Aliita jina lake mara mbili katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo mtu akikohoa chumba kimoja husikika vyote. Kisha akatoka akaifuata alama ya tairi.

Haikuwa kazi ngumu. Tairi la nyuma lilikuwa na kiraka alichokishona mwenyewe, na kila lilipozunguka liliacha alama ndogo kwenye tope. Kiatu kikikwama alikichomoa, akaendelea. Mwavuli aliufunga, haukuwa na faida. Alama ilipita nyuma ya nyumba, ikafuata njia ya kando ya reli, na popote penye utelezi mbaya ilionyesha kwamba mpandaji alishuka, akasukuma, akapanda tena. Aliyeipanda alijua kazi yake. Kwenye barabara kuu ya Nairobi alama ilipotea juu ya lami. Ghalib alivuka katikati ya malori, akaitafuta upande wa pili akiwa ameinama, na akaiona. Hapo udongo ulikuwa mwekundu.

Akainua kichwa. Njia ile aliijua. Ilishuka moja kwa moja mpaka Jomvu Kuu, na hakuwa ameipita kwa miaka sita.

Kisa chake kilikuwa hiki. Babake Mishi, mzee Mwidani, alikuwa fundi wa baiskeli aliyejulikana Jomvu nzima mpaka Miritini. Mwaka wa themanini na tano Ghalib alimpelekea baiskeli yake itiwe grisi kwenye habu ya nyuma, katikati ya gurudumu. Alipoirudisha ikawa inalia. Akaifungua mwenyewe, akahesabu gololi, akazikuta kumi na sita badala ya kumi na nane. Alikwenda nazo Jomvu ndani ya leso, akazimimina mbele ya mkwewe na mbele ya wateja watatu, akauliza mbili ziko wapi. Mzee Mwidani alinawa mikono yake taratibu, akamwambia aitoe baiskeli yake pale uani na asirudi nayo. Ghalib akajibu kwamba hata mkewe hatakanyaga pale tena. Mishi alikuwa amesimama hapo hapo, Dhahabu mkononi. Tangu siku ile hakulitaja jina la babake mbele ya mumewe.

Ghalib alishuka kuelekea Jomvu akiwa hahitaji tena alama ya tairi. Baiskeli aliiona kwa mbali, imeegemezwa ukutani kwa mzee Mwidani. Kando ya nyumba palikuwa na kibanda cha makuti alichofanyia kazi mzee. Ghalib alizunguka nyuma yake akasimama karibu na pipa lililokuwa likikinga maji ya mvua. Kupitia mwanya wa makuti aliwaona.

Mishi alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, koti amelivua, mikono ya blauzi imekunjwa, na mbele yake ringi iliyolazwa kwenye uma wa baiskeli iliyopinduliwa. Mzee Mwidani alikaa kando yake, uso ameuinua kidogo, macho yake yakitazama mahali pasipo na kitu. Alikuwa akigonga spoki moja moja kwa ukucha na kusikiliza.

"Hii imelegea," mzee akasema. "Robo." Mishi akazungusha spana ndogo. "Tena kidogo. Hapo."

Walifanya hivyo muda mrefu. Palikuwa na baiskeli nyingine tatu zikingoja, zote zimejaa tope. Kisha mzee akauliza kama mumewe bado hajajua.

"Ajua kuna kitu," Mishi akasema. "Hajui ni nini."

"Mwambie."

"Akiniuliza nitamwambia."

"Na asipouliza?"

Mishi alizungusha ringi kwa kidole akaitazama inavyokwenda.

Ghalib alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka akafika njiani. Mwanzoni alisikia wepesi mwilini, kwa sababu yale aliyoyaogopa hayakuwapo. Haukudumu. Hajafika kwenye lami alishaanza kujiuliza: amejuaje kwamba najua? Ameanza lini? Nani mwingine anajua? Nusu ya Jomvu bila shaka imemwona, na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Alitembea mpaka Chaani na maswali hayo, akakaa ukumbini kwenye kiti akiwa na nguo zake mbichi, akangoja.

Mishi aliingia kabla ya alasiri kidogo. Alimwona, akaviona viatu vyake na rangi ya tope lake. Hakushtuka wala hakujaribu kuificha baiskeli. Aliiegemeza ukutani, akachukua kitambaa akaanza kuifuta, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila mara.

"Nani alilishusha tandiko?" Ghalib akasema.

"Mimi. Miguu yangu haifiki."

"Umejifunza wapi kupanda?"

"Mimi ni mtoto wa fundi wa baiskeli," Mishi akasema. "Wajua umenioa wapi."

Kisha akaeleza yote, sauti yake haikupanda. Siku ya Idi, baada ya swala, mwanamke wa kwao alimwambia kwamba babake haoni tena. Daktari wa macho alikuwa amesema hayarudi. Wateja walikuwa wameanza kumkimbia, kwani ringi zilitoka mikononi mwake zimepinda, na yeye hakutaka kula cha mtu. Mishi alikwenda akawa macho yake. Matatu hakuweza kupanda, maana makondakta wote wa njia ile walimjua Ghalib. Kwa miguu asingewahi kurudi kabla ya watoto. Ilibaki baiskeli.

"Lakini kwa nini mvua?" Ghalib akauliza. Swali lile lilikuwa limemkaa wiki tano.

Mishi alisimama na kitambaa mkononi, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Siku za jua waenda nayo wewe," akasema. "Ningepanda nini?"

Katika sababu zote alizozitafuta Ghalib usiku, hiyo haikuwamo.

"Niliiona chaki," Mishi akaendelea. "Mara ya kwanza tu niliiona. Ningeweza kuichora tena, usingejua. Nikaiacha imefutika kwa makusudi, nikasema leo ataniuliza. Hukuuliza. Ukamfukuza Kioko."

"Kwa nini hukusema, ukamwacha aondoke?"

"Ulisema kuna ndugu yako anakuja. Nikakuamini."

Mishi alimaliza kuifuta baiskeli, akatundika koti, akaenda kuwasha moto.

Siku chache baadaye Ghalib alikwenda Magongo kabla ya magharibi, akauliza ghala mpaka akaliona. Kioko alikuwa getini na rungu lake kwapani. Ghalib alimwambia ukweli wote, hata yale ya aibu, kwamba alimdhania mambo mawili, la baiskeli na la mkewe, na hakuwa na ushahidi wa hata moja, na kwamba hapakuwa na ndugu wa Likoni. Alimwomba msamaha, akamwambia chumba bado ni chake.

Kioko alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijiuliza sana, mzee," akasema. "Nilidhani labda nimebeba kitu chenu bila kujua. Nilifungua mizigo yangu yote nikatafuta."

Kuhusu chumba alisema asante, ameshazoea huku. Alishukuru pia kwa kufuatwa. Lakini alipokuwa akisema hayo macho yake yalikuwa barabarani, na lori lilipofika alikwenda kufungua geti bila kugeuka. Ghalib angependelea atukanwe. Kioko hakuja tena Chaani, na chumba cha uani kilikaa kitupu miezi mingi kwa sababu Ghalib hakupenda kukipangisha.

Jumapili moja ya Julai, kukiwa na jua la kiasi na upepo mzuri, Ghalib alipanda baiskeli mwenyewe akashuka Jomvu Kuu. Mishi alijua anakwenda, lakini hakutaka kufuatana naye. Mzee Mwidani alikuwa peke yake kibandani, akipanga nati ndani ya mkebe kwa kuzipapasa. Baiskeli ilipoingia uani aligeuza sikio.

"Baiskeli hii naijua," akasema. "Aliyeipanda leo ni mzito."

"Shikamoo, baba."

Nati moja iliingia mkebeni, kisha ya pili.

"Marahaba," akasema.

Hakumwambia aketi. Ghalib alisimama. Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima, na aliyasema vibaya, kwa kurudiarudia, kwamba alimvunjia heshima mbele ya watu na kwamba amemnyima mwanawe miaka sita. Mzee Mwidani hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alinyosha mkono, akapapasa mpaka akapata ringi iliyokuwa kando, akamsukumia.

"Shika hii," akasema. "Nikikwambia robo, ni robo. Usizidishe."

Ghalib aliketi chini akafanya kazi mpaka adhuhuri. Alivunja spoki mbili. Mzee alimwambia kwamba Mishi ana mkono mwepesi, na kwamba mwenye mkono kama wake yeye Ghalib afadhali abaki kuhesabu. Wakaswali pamoja. Habari ya gololi haikutajwa siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na Ghalib hakuwahi kujua zile mbili zilikwenda wapi.

Tangu mwezi huo, Jumatatu na Alhamisi zikawa za Mishi, kuwe na jua au mvua. Alipita katikati ya Chaani mchana kweupe, buibui amelikunja na kulifunga kiunoni juu ya suruali, na mwanzoni maneno yalisemwa, mengine makali, mengine hata msikitini. Ghalib aliulizwa barazani kwa nini anatembea kwa miguu siku ambayo mbingu haina hata kipande cha wingu. Alijibu kwamba leo baiskeli ina shughuli Jomvu, akapita. Wanawake wa mtaani walilalamika zaidi kuliko wanaume. Walisema sasa hawajui tena siku ya kuanika nguo.

Mzee Mwidani aliishi miaka miwili mingine. Alipofariki, mwaka wa tisini na tatu, Ghalib alikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea. Vyombo vyake vya kazi vilikuja Chaani, na Mishi akaviweka katika chumba cha uani, akawa anafanyia kazi humo.

Mtu asidhani kwamba Ghalib aligeuka. Maradhi yale hayakumtoka. Alasiri moja, si muda mrefu baada ya msiba, alirudi kutoka kazini akamkuta Mishi amesimama na jirani mmoja, fundi cherehani aliyeleta baiskeli ya mwanawe, nao wanacheka. Walipomwona, kicheko kikakoma. Ghalib alisikia kitu kile kile kikianza kumpanda kifuani, na mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, mahali alipokuwa akiweka chaki ya stoo. Aliingia ndani, akavua viatu, akakaa kidogo. Kisha akatoka tena uani, jirani akiwa ameshaondoka.

"Mlikuwa mkicheka nini?" akauliza.

Mishi hakuinua kichwa kutoka kwenye cheni aliyokuwa akiipaka mafuta. Akamweleza. Ilikuwa habari ya mbuzi wa jirani yule, aliyekula nusu ya kitambaa cha mteja, na mteja alipokuja akaambiwa fasheni mpya ndiyo hiyo. Ilikuwa ndefu, na Mishi hakuwa hodari wa kusimulia. Katikati alirudi nyuma kueleza mbuzi alikuwa wa rangi gani. Ghalib alisimama akasikiliza yote mpaka mwisho, hakuona cha kuchekesha hata kidogo, akaenda kutawadha.